Usukani mpya kwa mashua kuukuu: ubapa mmoja, wa kuinuka au wa fiba?

Mwili wa mashua ndogo ya tanga ukitunzwa hudumu miongo. Chukua aina tatu za mashua za Uingereza: michoro ya Enterprise ni ya mwaka 1956, Wayfarer 1957, Mirror 1962, na mashua zilizojengwa kwa michoro hiyo zingali majini sehemu nyingi za dunia. Usukani ndio unaotangulia kuchoka. Unagongwa mawe mashua inaposhushwa, unaegemezwa ukutani juani mpaka unapinda, na bawaba zake zinalegea kidogo kidogo. Halafu alasiri moja upepo wa ziwa unakaza na nyuma yako unasikia kitu kikigonga: tok, tok, tok. Ukifika ufukweni unakuta ufa, au pini iliyochakaa, au mbao iliyolainika kama mkate.

Hapo mwenye mashua hukwama. Achonge ubapa mmoja wa mbao (ubapa ni kile kibao kipana kinachozama majini) kama ule wa zamani? Aweke usukani unaoinuka, kwa sababu ya gugumaji? Au atafute wa fiba, mwepesi, wa kisasa? Nimeona watu wa Kisumu wakibishana juu ya jambo hili kana kwamba kuna jibu moja, na kila upande una hoja. Ninachosisitiza mimi ni mpangilio wa maswali. Kabla ya kuuliza usukani utatengenezwa kwa nini, uliza utapita kwenye maji gani na utaning'inia kwenye nini. Ukishajibu hayo mawili, la tatu huwa jepesi.

Mambo ya kupimia

Maji ndiyo ya kwanza. Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, ina maji mafupi na matope mengi chini. Gugumaji limekuwa sehemu ya maisha ya hapa tangu miaka ya 1990: upepo unalisukuma, asubuhi ufuo wa Dunga uko wazi, jioni njia imefungwa. Ongeza nyavu za wavuvi, ambazo kamba zake za juu huwezi kuziona hadi uzipite. Ukienda mbali, kuelekea Rusinga na Mfangano, maji yanakuwa na kina na upepo una nguvu, lakini kando ya visiwa kuna mawe. Naivasha nako, tangu ziwa lipande, migunga iliyozama imeacha visiki karibu na ufuo. Maji haya matatu hayataki usukani wa aina moja.

La pili ni hali ya shetri, yaani ule ubao wa nyuma unaobeba bawaba. La tatu, mkono: usukani unasikikaje unapobisha, yaani unapopanda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, kwenye upepo wa alasiri, mzito au mwepesi, unajibu mara moja au unachelewa? La nne, ukarabati: ukivunjika Jumamosi, ni nani wa kuutengeneza na vifaa vitatoka wapi? La tano ni gharama, na humo ndani nahesabu muda pia, maana mashua isiyo na usukani ni kabati la kufugia buibui.

Kabla ya kuchagua: shetri na bawaba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anatengeneza usukani mzuri, anaufunga kwenye shetri lililooza, na baada ya miezi michache bolti zinang'oka na kipande cha mbao juu yake.

Mashua nyingi za zamani za fiba zina plaiwudi iliyofichwa ndani ya shetri ili kulipa nguvu. Maji yanaingia kupitia matundu ya bolti, yanakaa humo, na plaiwudi inaoza huku fiba ya nje iking'aa. Mabaharia wa pwani wana nafuu kidogo hapa, kwa kuwa chumvi huzuia kuvu wa kuozesha mbao. Sisi maji yetu ni baridi, yaani hayana chumvi, na ya mvua ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kinachotuumiza zaidi ni kuoza, si kutu.

Chukua bisibisi, igeuze, gonga kwa mpini wake kuzunguka kila bolti. Mbao nzima inatoa sauti kavu, ya juu. Iliyooza inatoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha fungua bolti moja uingize msumari mwembamba ndani ya tundu: ukizama bila kusukumwa kwa nguvu, au ukitoka na unga mweusi wenye unyevu, shetri linataka kazi kwanza. Usukani usubiri.

Shetri likiwa zima, bado matundu ya bolti yanahitaji kutunzwa. Njia inayodumu ni hii: toboa tundu kubwa kuliko bolti, mathalani milimita 14 kwa bolti ya milimita 8, lijaze epoksi iliyofanywa nzito, iache ikauke, halafu toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti imezungukwa na epoksi na maji hayana mahali pa kuingilia mbao. Upande wa ndani weka bamba la alumini au la plaiwudi ngumu ili nati zisizame. Skrubu za mbao kwenye bawaba za usukani mimi sizikubali kabisa. Zinashika vizuri siku ya kwanza, kisha kila wimbi linazitikisa.

Bawaba zenyewe ni pini upande mmoja na pete upande wa pili, jozi mbili. Kadiri jozi hizo zinavyokuwa mbali, ndivyo kila moja inavyobeba mzigo mdogo, kwa hiyo usizisogeze karibu eti ndivyo matundu yalivyo. Na kuna jambo ambalo fundi asiyezoea mashua hulisahau: pini ya chini iwe ndefu kuliko ya juu kwa sentimita moja au mbili. Ukiwa umeinama nyuma ya mashua inayoyumba, unaingiza ya chini kwanza, unaisikia imekaa, ndipo unaielekeza ya juu. Zikilingana urefu utahangaika kuingiza zote mbili kwa pamoja huku mashua inarudi maweni.

Angalia pia vipimo. Mashua zilizotoka Uingereza zamani zina bawaba za inchi. Pete ya inchi tatu kwa nane ni milimita 9.5. Pini ya milimita 10 haiingii, na ya milimita 8 inacheza na kugonga. Fundi wa jua kali wa soko la Kibuye anaweza kukutengenezea jozi nzima upya kwa stenlesi, lakini mpelekee pete ya zamani mkononi, usimpelekee namba ya kukariri. Mwambie pia achomee kwa vijiti vya stenlesi. Akitumia vya kawaida, sehemu iliyochomewa itashika kutu na hapo ndipo itakapokatika. Kwa maji yetu baridi stenlesi ya 304 inatosha, usilazimike kutafuta ya 316 inayohitajika baharini.

Na weka kibanio cha kuzuia usukani usiruke juu. Mashua ikipinduka, usukani usiofungwa huchomoka kwenye pete, na kama hauelei umeupoteza.

Sasa tuje kwenye sukani zenyewe.

Usukani wa mbao, ubapa mmoja usioinuka

Huu ni wa kale na ni rahisi kuliko yote: kipande kimoja toka mkono wa usukani mpaka ncha ya chini. Hauna kamba, hauna kiungo, hauna kitu cha kulegea.

*Maji.* Unataka kina. Mbele ya Rusinga, au katikati ya ghuba, hauna tatizo. Ukikaribia ufuo inabidi uung'oe mapema na kumalizia kwa kafi, na ukichelewa unakula mwamba, ambapo kishindo chote huhamia kwenye pini na shetri. Kwenye gugumaji mizizi inajikusanya ukingo wa mbele na mashua inapungua mwendo kama imeshikwa mkia. Namna pekee ya kuisafisha ni kurudi nyuma au kuinua usukani mzima kwenye pete zake.

*Shetri.* Ni mzito kidogo lakini uzito wake umetulia. Ukiwa na shetri imara hakuna usukani unaolitendea haki zaidi.

*Mkono.* Ukichongwa vizuri unajibu mara moja, na unapobisha unausikia upepo kupitia kiganja. Hakuna mchezo wowote kati ya mkono na ubapa. Kwa ladha yangu hakuna usukani wenye hisia safi kuliko huu.

*Ukarabati.* Fundi yeyote wa mashua wa ziwani anaujua. Mvule ndio unaosifiwa, na kwa haki, kwa kuwa unastahimili maji na mchwa. Una kasoro mbili: vumbi lake linawasha pua na kifua, kwa hiyo funga barakoa, na ndani yake mara nyingine kuna vijiwe vya chokaa vinavyotafuna meno ya msumeno na makali ya randa. Pia una mafuta kiasi, kwa hiyo kabla ya kugundisha kwa epoksi pangusa uso wa mbao kwa asetoni. Saipresi ni nyepesi, inapatikana karibu kila duka la mbao la magharibi, na ikifungwa vizuri kwa epoksi inafanya kazi, ingawa ni laini na inaumia haraka ikigonga jiwe.

Usichonge ubao mmoja mpana. Utapinda, ni suala la msimu tu. Upasue vipande vya sentimita nne au tano, geuza kimoja juu na kinachofuata chini ili mikunjo ya nyuzi ishindane, halafu uvigundishe. Mti uleule uliokuwa ukipinda sasa unajizuia wenyewe.

*Gharama.* Mvule mkavu si rahisi kupatikana, mwingi huvuka kutoka Uganda na Kongo, na mbao mbichi haina maana hata ikiuzwa bei ya bure. Kazi ya mikono ni siku chache. Epoksi ndiyo itakayokushtua kwenye bili.

*Unamfaa* anayesafiri maji yenye kina, anayepaki mashua yake kwenye gati au boya badala ya kuikokota ufukweni kila mara, na mwenye fundi wa mbao anayemwamini.

Usukani wa kuinuka

Huu una kichwa chenye mashavu mawili, na katikati yake ubapa unaozunguka kwenye bolti moja. Ukigonga kitu, ubapa unarudi nyuma na kupanda. Kamba moja inauinua, nyingine inaushikilia chini.

*Maji.* Kwa Kisumu na kwa Naivasha, hapa ndipo unaposhinda. Ukipita ukingo wa gugumaji unavuta kamba, ubapa unapanda, mizizi inateleza, unaushusha tena na safari inaendelea. Ukigusa kisiki, unapanda wenyewe badala ya kung'oa bawaba. Unaingia hadi maji ya magotini huku bado una uongozi kidogo. Kamba za nyavu nazo huteleza chini ya ukingo ulioinama badala ya kunasa.

*Shetri.* Kishindo cha kugonga hakifiki kwenye pini kwa ukali uleule, kwa hiyo shetri la zamani linapumzika. Lakini kichwa na mashavu yake vina uzito, na uzito huo unaning'inia nyuma kabisa. Kwenye mashua fupi utauona.

*Mkono.* Hapa kuna jambo linalowasumbua watu na ni rahisi kulitibu. Mtu anaweka usukani mpya wa kuinuka, anatoka nao alasiri, na anarudi akilalamika kwamba mashua imekuwa nzito, inataka kugeukia upepo yenyewe, mkono unamuuma. Anaanza kuhamisha mlingoti. Mara nyingi shida ni kwamba ubapa haukushuka mpaka mwisho. Kamba ya kushusha imelegea, maji yanausukuma nyuma, na sasa sehemu kubwa ya ubapa iko mbali na mstari wa pini. Kila sentimita inayorudi nyuma inaongeza mvuto mkononi. Shusha ubapa wote, funga kamba kwa nguvu, na uzito unaisha. Weka alama ya rangi kwenye shavu na kwenye ubapa: zikikutana, umefika.

Kamba hiyo ya kushusha isifungwe fundo la moja kwa moja, maana ubapa hautainuka ukigonga na utakuwa umenunua usukani wa kuinuka usioinuka. Weka kipande cha mpira katikati. Vipande vya tyubu ya baiskeli, vilivyosokotwa mara kadhaa, vinafanya kazi hiyo vizuri na vinabadilishwa kwa dakika moja.

Mchezo kati ya mashavu na ubapa ndio adui wa pili. Nafasi ikiwa kubwa ubapa unatikisika na unausikia mkononi kama ugonjwa. Weka washa pana za plastiki ngumu pande zote mbili za bolti. Kitako cha mtungi mzee wa maji kinatosha kuzikata.

*Ukarabati.* Una sehemu nyingi, hivyo kuna mengi ya kuangalia, ila kila sehemu inabadilishwa peke yake. Ubapa ukivunjika, kichwa kinabaki. Wengi hutumia plaiwudi, na hapo nawaomba muwe macho. Duka la vifaa vya ujenzi likikuonyesha ubao wenye ngozi nyeusi inayong'aa, ule wa kumwagia zege, na kukuambia ni marini, yaani wa mashua, usikubali. Plaiwudi ya mashua ya kweli huwa na mhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya mashua. Tazama ukingo wake: usione tundu hata moja kati ya tabaka. Chemsha kipande kidogo kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikiachana, mrudishie mwenyewe.

Hata plaiwudi nzuri ina udhaifu: karibu nusu ya tabaka zake zimelala upande, na hizo hazisaidii ubapa kusimama wima dhidi ya maji. Gundisha mbao mbili za milimita 12, halafu zifunike kwa kitambaa cha fiba na epoksi, nyuzi zikienda urefu.

*Gharama.* Mbao ni rahisi, vyuma na kamba vinaongeza. Kwa jumla ni wa katikati, na unaweza kuujenga kwa awamu.

*Unamfaa* anayeingia na kutoka ufukweni, anayesafiri Dunga hadi mjini katika msimu wa gugumaji, anayefundisha watoto, na kila mwenye mashua Naivasha asiyejua kisiki kiko wapi.

Usukani wa fiba juu ya povu

Ndani kuna povu gumu lililofungwa, nje kuna tabaka za kitambaa cha fiba na resini. Unaweza kuwa wa ubapa mmoja au ubapa wa kutia kwenye kichwa cha kuinuka. Unatengenezwa hapa au unaagizwa ukiwa tayari.

*Maji.* Umbo lake linaamua, si malighafi: ukiwa usioinuka una shida zilezile za gugumaji. Faida yake ni kwamba hauozi. Ukigonga jiwe kwa nguvu, ngozi inapasuka na povu linaanza kunyonya maji polepole bila kuonekana.

*Shetri.* Mwepesi kuliko yote, na kwa mashua yenye shetri la uzee unyenyekevu huo wa uzito ni fadhila. Lakini mahali bolti zinapopita pasiwe povu. Lazima kuwe na kipande cha mbao ngumu au fiba tupu, la sivyo bolti inakandamiza povu na kulegea.

*Mkono.* Ukitoka kwenye kalibu nzuri, pande mbili zinafanana kabisa, na hilo ni gumu kulipata kwa randa. Unakaa kimya kwenye maji.

*Ukarabati.* Mafundi wa fiba wapo, wale wanaokarabati boti za injini, matangi na bodi za magari. Waulize jambo moja kabla ya kuanza: resini gani, juu ya povu gani? Resini ya poliesta huyeyusha polistirini, lile povu jeupe la masanduku ya televisheni. Fundi asiyejua ataimimina na kuangalia kazi yake ikizama kuwa shimo. Povu la PVC lenye vinyweleo vilivyofungwa linakubali poliesta na epoksi. Polistirini inavumilia epoksi lakini ni laini mno kwa usukani. Ili kujua kama usukani wa fiba umeanza kuachana ndani, pita juu yake ukigonga kwa sarafu: sauti ikibadilika kutoka kali hadi butu, hapo ngozi imeachana na povu.

*Gharama.* Uliotengenezwa hapa unategemea epoksi na povu, na povu zuri si la kununua mtaani. Ulioagizwa nje una bei yake, usafirishaji wa kitu kirefu, ushuru, na kusubiri. Ukiwa wa daraja la mashua yako, yaani aina yake kama Enterprise au Mirror, utaingia kwenye pini zako bila mzozo. Ukiwa wa kukisia, utakuja na bawaba za nafasi nyingine.

*Unamfaa* mwenye mashua nyepesi, anayeshindana, au ambaye usukani wake wa asili ulikuwa wa fiba na anataka mizani ileile.

Kuna pia wanaokata bati la alumini na kulifunga kwenye kichwa. Ni haraka na halipindi kirahisi. Lakini bati tambarare linaachana na maji mapema unapogeuza kwa ghafla, na likidondoka linazama moja kwa moja. Kama dharura ya kurudi nyumbani, sawa.

Umbo, kwa yeyote utakayechagua

Malighafi yoyote uitumie, umbo la ubapa lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kipimo kinachotumiwa sana kwa mashua ndogo ni kile cha NACA 0012, umbo lililobuniwa kwa mabawa ya ndege: unene ni asilimia 12 ya upana, na sehemu nene kabisa iko asilimia 30 kutoka ukingo wa mbele. Kwa ubapa wa upana wa sentimita 25, unene ni sentimita 3, na unene huo unakaa sentimita 7.5 kutoka mbele. Ukingo wa mbele uwe mviringo kama ncha ya yai, usichongwe kama kisu. Watu wengi huuchonga kama kisu wakidhani utakata maji, kumbe ndio unaofanya maji yaachane na ubapa na mashua kwenda mrama katikati ya dhoruba. Ukingo wa nyuma upungue hadi milimita mbili au tatu, ukatwe wima.

Chonga kalibu za karatasi ngumu kwa nusu ya umbo, uzipitishe pande zote mbili wakati wa kupiga msasa. Mwanga ukipita chini ya kalibu, bado.

Kumbuka pia kwamba mzigo kwenye usukani unakwenda na mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, mzigo unakuwa mara nne. Usukani unaotulia kwenye upepo mwanana wa asubuhi haujajaribiwa. Ujaribu alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umekaza, karibu na ufuo na mtu mwingine akiwa na wewe.

Mwisho wa kazi ni rangi au vanishi yenye kinga ya jua. Epoksi tupu chini ya jua la ikweta, na ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, ambako jua huunguza zaidi, inageuka manjano na kuanza kuwa unga. Usukani wa mbao na wa fiba wote wanateseka sawa hapa.

Kwa hali yako

Ukisafiri kati ya Dunga, Usoma na mji, na gugumaji ni jirani yako wa kila wiki, wa kuinuka utakuondolea kero nyingi kuliko mwingine wowote. Ubapa wa plaiwudi iliyogundishwa mara mbili unatosha.

Ukiwa Mbita, Rusinga au Mfangano, unaacha mashua kwenye boya na upepo wako ni mkali, ubapa mmoja wa mvule ulioundwa kwa vipande ni chaguo tulivu. Wa fiba usioinuka pia, kama una fundi wa kuutazama ukipasuka.

Naivasha, nenda na unaoinuka hata kama mashua yako ilikuja na usioinuka. Hakikisha tu mashavu ya kichwa hayagongi shetri ukigeuza hadi mwisho.

Kama unashindana, soma kanuni za daraja la mashua yako kabla ya kugusa mbao. Madaraja mengi yanataja umbo, uzito au vipimo vya usukani, na usukani mzuri usiokubalika utakuweka nje ya mashindano.

Shetri likiwa limeoza, peleka pesa za usukani huko. Msimu huu tumia ule wa zamani ulioimarishwa, au kaa nchi kavu.

Wanaojifunza, hasa watoto, wapewe wa kuinuka unaoelea, wenye kibanio na kamba fupi inayoufunga kwenye mashua.

Usukani wa asili ukiwa umepotea na hujui ulikuwa na ukubwa gani, tafuta mashua ya aina ileile, hata ya mtu mwingine mjini, uchore usukani wake kwenye katoni pamoja na mstari wa pini. Halafu tengeneza wa kwanza kwa plaiwudi ya bei nafuu, usioupamba. Usafiri nao msimu mmoja. Ukiwa mzito mkononi, sogeza ubapa mbele kidogo ukilinganisha na mstari wa pini. Ukiwa mwepesi mno na mkono unataka kujigeuza wenyewe, urudishe nyuma. Ukisharidhika, wa plaiwudi unakuwa kalibu ya ule wa kudumu, na fundi hatakuwa na cha kukisia.